Mkono Mbaya

Juzi, mtaani Isevya, nilimwona kijana akimimina maji kwenye pampu ya mkono ili ianze kuvuta, hasira yangu ya utotoni ikanipanda upya.

Bibi yangu alikuwa akitengeneza wanzuki, pombe ya asali. Kila siku ya kuihamisha kwa pampu ya mkono kutoka pipani kwenda kwenye madumu, ua wote ulinukia asali na moshi. Kwanza huinywesha pampu kikombe cha maji yaliyochemshwa, ianze kuvuta. Mimi nilidhani ina kiu. Mchana mmoja maji yalikuwa bado jikoni, na mjomba hakuweza kungoja. Aliweka mdomo kwenye mpira wa pampu, akafyonza mpaka pampu ikavuta, mate yake yakabaki humo humo. Mimi nilishika kifuniko tu.

Siku ya tatu madumu yote yalikuwa siki.

“Nani aligusa pipa?” Bibi aliuliza.

“Huyu,” mjomba akaninyooshea kidole. “Ana mkono mbaya.”

“Bibi, mjomba ndiye aliyefyonza…”

“Unamsingizia mjomba wako?”

Leo najua kilichoichachusha ni mdomo wake. Lakini kwenye sherehe za ukoo yeye bado ndiye fundi wa pampu, na mimi, mama wa watoto wanne, nikisogelea pipa tu naambiwa, “Shangazi, wewe osha vikombe.”