Vifaranga Kando ya Mafunjo

Iko asubuhi moja ninayoikumbuka vizuri, mwanangu, katika miaka ile ya themanini. Mvua ndefu zilikuwa zimekatika, na mto wetu ukiingia kwenye ghuba ya ziwa kwa rangi ya chai ya maziwa. Mama alikuwa amemfuata baba kaburini, nami, kifungua mimba, nilikuwa nimeacha shule darasa la saba. Nyuma yangu walikuwako Ouma, Akinyi na mdogo wetu Atieno. Baada ya kikao cha ukoo, baba mdogo alitangaza kwamba baada ya mavuno atakuja kutugawa: huyu kwa shangazi kule Awasi, yule kwa jamaa wa Otonglo, mwingine kwake.

"Isipokuwa nikute mnajilisha," alisema.

Mwenye njaa hana miiko. Nilichukua chandarua kuukuu cha mama, mimi na Ouma tukaingia majini hadi kiunoni, kando ya mafunjo, tukakikokota. Karai lilijaa upesi. Nilikusudia kuvianika visamaki vile kama omena, dagaa wa ziwa letu, nikaviuze sokoni Kibuye kwa wafuga kuku.

Dani Auma, nyanya wa boma jirani, alikuja kuteka maji. Akachungulia.

"Wewe msichana, omena hii imezaliwa leo asubuhi?"

Ouma alicheka. Mimi sikucheka. "Ni samaki tu, Dani."

Alichota kiganja kimoja akakiinua juani. Niliona vitu vyembamba kama kope, vinavyopitisha mwanga. Vingine vilikuwa macho mawili na mkia basi.

"Huyu ni ngege, perege wetu. Hawa wenye ndevu ni mumi, kambare. Huyu simjui, wala wewe humjui, hajafika umri wa kujulikana. Mvua ikinyesha, samaki wa kila aina huwaacha wanawe hapa penye matope na majani. Hapa ni nasari ya ziwa zima."

"Na sisi tule nini?"

"Hilo ni swali la haki. Lakini kwenu, kabla ya kugawana watoto, watu waliita kikao. Wewe umewachota watoto wa wenzako bila hata hodi."

Nikamwaga karai majini. Wengi walielea bila kutikisika, na hilo liliniuma.

Dani aliniombea kazi ya kuanika omena za wavuvi. Kugeuza omena mchangani kutwa si mchezo. Mgongo hugoma, na ndege hawaombi ruhusa. Jioni nililipwa samaki. Mchumia juani hulia kivulini, ndiyo, lakini kivuli, mwanangu, huchelewa.

Baba mdogo alipokuja tulimwandalia ugali na omena. Alikula, akaongezwa, akatazama sufuria.

"Chakula hiki hakiwatoshi wote. Ouma na Akinyi watabaki. Huyu mdogo nampeleka Awasi."

Atieno hakulia, niliyelia ni mimi. Nilianika omena mwaka mzima hadi nilipoweza kwenda kumchukua. Kwanza alinitazama kama mgeni. Kisha akanishika mkono, tukarudi nyumbani.

Basi nakushauri hivi. Shida ikikubana, usichume riziki ambayo haijakua. Usiiondoe njaa nyumbani mwako kwa kuihamishia kwa wengine, hata kama wenyewe hawana midomo ya kushtaki. Chagua njia ya polepole, ukijua kwamba nayo ina gharama. Mimi ilinigharimu mwaka wa mdogo wangu. Bado nasema, ichague.

Mungu akupe mikono isiyochoka, na kila jioni mlango ukifungwa, asikosekane mtu ndani.