Moto wa Jikoni

Uchungu wa mimba yetu ya kwanza ulimshika mke wangu tukiwa nyumbani, mlimani juu ya Mushaki. Ilikuwa miaka ya hamsini, mvua haikatiki. Mama mkwe alimhudumia mpaka akachoka, kisha akatoka nje akaniambia, "Mutoto amekwama. Mupeleke kwa munganga."

Kaka zangu wakafunga blanketi kwenye mianzi, ikawa kipoyi. Tukambeba kwa kupokezana mpaka hospitali ya Masisi, matope yakituvuta miguu.

Munganga, yaani daktari, alimpima, akasema neno moja kwa Kifaransa. Muuguzi akanigeukia: "Papa, lazima apasuliwe. Lakini vyombo havijachemshwa. Kuni yote imelowa, moto umekufa."

Mpaka siku ile nilidhani hospitali ni munganga na sindano yake, basi.

Mpishi wa wagonjwa alisikia. Akaepua sufuria kubwa ya maharagi ambayo hayajaiva. "Chukueni moto wangu," akasema. "Wenye njaa watangoja. Ule mama hawezi."

Makaa yakahamishwa kwa karai hadi penye maji ya kuchemshia vyombo. Seremala, aliyekuwa akitengeneza kitanda, akanipigia kelele kutoka karakana yake: "Papa, usisimame kama nguzo! Iko mbao kavu hapa, beba!" Nikabeba vipande mikono miwili, nikakimbia. Kwenye chumba cha kufulia, dobi alikuwa anakausha mashuka ya upasuaji kwa pasi ya mkaa, kwa kuwa jua halikuwepo. Mvuke ulimfunika uso, lakini hakupumzika. Maji yakachemka. Muuguzi akapita na vyombo vinavyotoa mvuke, mlango ukafungwa.

Tukakaa barazani. Kaka mkubwa alianza Baba Yetu, akaisahau katikati, akaanza upya.

Ndipo tukasikia kilio, chembamba, cha hasira. Masere mzalishaji, mtawa mkunga wa hospitali, akatoa kichwa mlangoni. "Binti. Na mama yake ni muzima."

Nililia mbele ya kaka zangu, wala sikuona haya. Seremala alikuja kunipa mkono wenye vumbi la mbao. Dobi naye akasimama mlangoni kwake akicheka.

Mke wangu alipozinduka, midomo ilikuwa imemkauka. Nikamwinamia.

"Ako na nywele?" akauliza.

"Ako nazo. Nyingi."

"Njo vizuri," akasema kwa kuridhika, akalala tena. Nami nikaketi chini kando ya kitanda, nikahisi kwa mara ya kwanza jinsi mabega yalivyoniuma.