Kabati la Gauni Namba Saba

Jepkemei alikuwa amefumba macho, mikono magotini, na Edinah Namalwa alikuwa anamtembeza ndani ya nyumba ambayo haipo tena.

"Umefungua mlango," Edinah akasema. "Kwa mkono wa kulia kuna nini?"

"Cherehani ya mathe. Ile ya kukanyaga."

"Songa. Usiruke kitu."

Huo ndio uliokuwa mtindo wake wa kazi, na hakuwa na mwingine. Wateja walikuja na picha, naye alizikataa. Picha, alisema, inaonyesha watu waliojipanga, na yeye alitaka nyumba ilivyokuwa siku ambayo hakuna mgeni. Kwa hiyo alimkalisha mteja kwenye kiti kilichoelekea dirisha, akamwambia afumbe macho, akamtembeza chumba kwa chumba huku akiandika daftarini. Baada ya hapo alijifungia wiki nzima na makatoni, njiti za kiberiti, vifuniko vya soda na gundi ya unga wa ngano, hadi nyumba nzima ikakaa mezani, ikiwa na ukubwa wa kreti ya mkate. Sufuria zake zilitosha kushikwa kwa ncha ya kucha. Majirani pale Langa Langa, Nakuru, walimwita Mama Vinyumba. Walimcheka kidogo, kisha wakipata wageni waliwaleta kuona.

Na kila nyumba ilikuwa na nguo za karatasi. Hapo Edinah hakuwa na mpinzani mji mzima. Alitengeneza magauni ya miaka ya sitini na sabini, kola nyeupe, marinda yaliyokunjwa kwa ncha ya wembe, na suruali zile pana za kufagia barabara. Mengine aliyatundika kwenye hanga za waya, mengine aliyaacha kitandani kana kwamba mwenyewe ameenda kuoga. Mama mmoja wa Milimani aliwahi kulia mbele ya koti la karatasi lisilozidi kidole gumba, akisema ni la baba yake. Watu walipomuuliza alijifunzia wapi, Edinah alisema, "Kwa kichwa tu," akabadilisha mazungumzo.

"Halafu kuna kabati," Jepkemei akasema.

"Ya namna gani?"

"Kubwa, ya mvule. Milango mbili. Ile ya kushoto ilikuwa inakataa kufunga, so baba alikuwa anaibana na kipande ya katoni. Ndani ya huo mlango mathe alikuwa amebandika picha za nguo, amekata kwa magazeti za kitambo, akaziandika namba na kalamu nyekundu. Mteja akikuja hasemi mengi. Anafungua mlango, anasema nataka namba tatu." Jepkemei akatabasamu, macho bado amefumba. "Mimi nilikuwa napenda saba. Gauni ya manjano, kola nyeupe."

Kalamu ya Edinah ikasimama.

Hakuhitaji kugeuka. Kabati lilikuwa nyuma ya kiti cha Jepkemei, hatua mbili tu, na juu yake palikuwa na redio na picha ya marehemu Sitati, mumewe. Lilikuwa limefunikwa kitambaa cha kufuma kilichoshuka kutoka juu mpaka karibu na sakafu. Katika mtaa ambao kila kitu, kuanzia kochi hadi jagi la maji, kina kitambaa chake, hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini hicho kilikuwa kirefu hivyo. Mlango wa kushoto ulikuwa umebanwa kwa kipande cha katoni.

"Mama Wanyonyi? Niendelee?"

"Endelea," Edinah akasema.

Lori la mawe likapita barabarani. Madirisha yakatetemeka, na Edinah akasikia kipande cha katoni kikidondoka sakafuni, halafu bawaba ikianza kulia taratibu, kama ilivyozoea. Aliinuka hajui ameinukaje. Alizunguka kiti kwa hatua mbili, akageuka, akauegemea ule mlango kwa mgongo.

"Hiyo ni nini?" Jepkemei akauliza, akitaka kufumbua macho.

"Usifumbue! Utapotea njia. Ni paka."

Edinah hakuwa na paka. Alisimama pale amebana mlango kwa mgongo wake, akamsikiliza mtoto wa mwenye kabati akimaliza kutembea nyumba nzima, chumba cha kulala, jikoni, mpaka kamba ya kuanikia nguo nje.

Jepkemei alifanya kazi kwenye mitambo ya umeme wa mvuke kule Olkaria na aliishi huko na mama yake, fundi Chepkorir, aliyekuwa na miaka sabini na minane na kumbukumbu inayomtoka kila siku. Kila siku saa kumi jioni mama huyo alifunga nguo zake kwenye leso, akakaa mlangoni, akaomba apelekwe nyumbani.

"Nikimwambia nyumba ilichomwa, analia kama ni leo," Jepkemei alisema alipokuwa akivaa koti. "Kesho yake anauliza tena. Juzi aliniuliza mimi ni nani. Nataka tu aione, hata kama ni ya katoni, kabla hajasahau hata hiyo. Jumamosi itakuwa tayari?"

"Itakuwa tayari," Edinah akasema, mgongo bado kabatini.

Alipobaki peke yake alitia komeo, akainua kitambaa, akaacha mlango ufunguke. Wanawake kumi na wawili wa karatasi walimtazama, kila mmoja na namba yake nyekundu.

Ilikuwa miaka kumi na saba sasa. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule wa fujo za uchaguzi ulikuwa unaisha. Sitati aliingia na mkokoteni mchana kweupe, na wanaume wawili asiowajua, wakaliteremsha kabati. "Nimeipata mahali," alisema. "Usiulize." Naye hakuuliza. Tusidanganyane, alijua. Mwezi ule hakuna mtu aliyekuwa akiuza kabati kwa hiari yake. Mbao zilinuka moshi, na Edinah alizisugua kwa sabuni na mafuta siku tatu mpaka harufu ikaisha. Na harufu ilipoisha, akajiambia kwamba jambo limeisha.

Ila zile picha hakuweza kuzibandua. Siku moja aliketi sakafuni na wembe na karatasi ya manjano ya kufungia zawadi, akaiga gauni namba saba, kola na yote. Hilo ndilo lilikuwa gauni lake la kwanza. Yaliyofuata yote, na nyumba zote, na lile jina la Mama Vinyumba, yalitoka kwenye mlango huo. Ndiyo maana swali la alijifunzia wapi lilimkera.

Alimpigia mwanawe Wanyonyi, aliyekuwa Eldoret.

"Mathe, hiyo ni mbao tu," Wanyonyi akasema. "Ijumaa natuma jamaa na pickup, inabebwa, story inaisha."

"Na huyo mama?"

"Huyo mama hakumbuki hata jina lake, si umesema? Lakini mimi nakumbuka baba. Ukifungua mdomo, buda anakuwa mwizi, na amelala kaburini Kimilili hawezi jitetea. Unataka hivyo?"

Edinah aliitazama picha ya Sitati juu ya kabati. Alikata simu, akaanza kazi.

Alitengeneza cherehani kwa waya na kipande cha kiatu. Alitengeneza kamba ya kuanikia, na shati la karatasi lililoning'inia kwa mkono mmoja, kwa sababu Jepkemei alisema baba yake alianika hovyo. Kufikia Alhamisi kilibaki kitu kimoja. Kabati dogo lenyewe lilikuwa rahisi kama kunywa maji. Shida ilikuwa ni ndani ya mlango. Jepkemei alikuwa amemtajia picha mbili tu, namba tatu na namba saba, na tatu hakusema ikoje. Akibandika zote kumi na mbili, amejishtaki mwenyewe. Akibandika ile moja, anampa mama wa watu mlango wa uongo. Alikata zote kumi na mbili, kila moja ndogo kama punje ya mahindi, akazipanga mezani, akazitazama. Kisha akazifagia kwenye kopo la majani ya chai, akapaka gundi kwenye milango ya kabati dogo, akaifunga isifunguke tena. Hata yeye alijidharau.

Ijumaa pickup ikaja. Dereva alipiga honi mara tatu, akagonga geti, akaita. Edinah alikaa kochini kiganja mdomoni, asijue anachosubiri, mpaka yule mtu akachoka, akaondoka.

Jumamosi alitarajia Jepkemei aje peke yake. Alipofungua mlango alimkuta amemshika mkono bibi mrefu, aliyevaa sweta la bluu lililofungwa vifungo kombo.

"Leo ameamka vizuri," Jepkemei akasema. "Nikaona nisipoteze hiyo siku."

Chepkorir alisalimia vizuri, akakalishwa kwenye kile kile kiti, na nyumba ikawekwa mapajani mwake. Edinah alisimama karibu na kabati, macho yakitoka kwa bibi yakienda kwenye kipande cha katoni na kurudi. Kidole cha bibi kikagusa cherehani. Kikagusa shati kwenye kamba.

"Huyu mzee," Chepkorir akasema, "hajui kuanika."

Jepkemei akaziba mdomo, mabega yakamtikisika. Kidole kikaendelea, kikapita meza, kikafika kwenye kabati. Kikajaribu mlango wa kushoto. Kikajaribu tena, kwa ukucha.

"Mbona hii haifunguki?"

"Ni ya kuonyesha tu, mama," Edinah akasema.

"Yangu inafunguka. Yangu hata ukiifunga inafunguka." Uso wa bibi ulianza kuzimika, na wote wawili waliuona ukizimika. Aliisukuma nyumba kutoka mapajani. "Hapa ni kwa watu wengine. Nipeleke nyumbani."

Jepkemei aliidaka isianguke. Alitazama dirishani kidogo, kisha akamgeukia Edinah kwa heshima zote. "Usijali, Mama Wanyonyi. Kazi ni safi sana. Ni yeye tu." Akaanza kumfungua mama yake vifungo vya sweta, avifunge upya, waende.

Walikuwa wanaondoka. Hicho ndicho Edinah alichokuwa akikiomba wiki nzima, na sasa kilikuwa kinatimia mbele yake. Alisikia nafuu, na nafuu hiyo ikamchukiza.

"Ngojeni," akasema.

Alichukua picha ya Sitati, akaiweka mezani. Alishusha redio. Alivuta kitambaa, na kilipokwama kwenye pembe alikivuta kwa nguvu mpaka kikachanika. Kisha akainama, akang'oa kipande cha katoni.

Mlango ulifunguka wenyewe, taratibu, ukilia.

Chepkorir alisimama bila kushikwa. Alitembea mpaka pale, akaweka kidole juu ya namba moja, akashuka nacho, mbili, tatu, nne, midomo ikihesabu, mpaka kumi na mbili. Alipogeuka, mgongo wake ulikuwa umenyooka na macho yake yalikuwa ya mtu aliye kazini.

"Karibu," akamwambia Edinah. "Unataka namba ngapi?"

Jepkemei alikuwa bado ameshika nyumba ya katoni. "Hii imetoka wapi?"

"Ilikuja na mkokoteni. Mwaka ule, mwezi wa kwanza ukiisha. Mzee wangu ndiye aliileta." Edinah alitaka kuishia hapo, akajilazimisha. "Nilisikia moshi kwa mbao. Nikaosha."

"Ile siku nikiwa nimekaa hapa. Ulijua?"

"Nilijua uliposema namba saba."

"Na mimi nimefunga macho."

"Ndiyo."

Jepkemei akatazama kabati dogo ndani ya nyumba aliyoishika. Akaupima mlango wake kwa ukucha, kama mama yake alivyofanya. "Hata hii uliibandika," akasema, na sauti yake haikupanda. Edinah angependelea apige kelele.

"Namba ngapi?" Chepkorir akauliza tena. Alikuwa na wateja wengine, ilionekana, na hakupenda kupotezewa wakati.

"Saba, mama."

Bibi akamtazama kutoka juu hadi chini, bila huruma. "Saba itakubana. Lakini nitaachilia hapa kwa mbavu." Akamshika mikono, akaitandaza pande zote mbili, akaanza kumpima mgongo kwa shibiri, vidole vyake vikavu vikitembea juu ya blauzi. "Simama wima. Usipumue."

Edinah alisimama wima. Mikono ilikuwa imetandazwa, mgongo kwa Chepkorir, uso kwa Jepkemei, ambaye hakuyaondoa macho yake kwake. Hapakuwa na pa kuangalia pengine. Mezani Sitati naye alikuwa anatazama.

"Umetoka mbali?" Chepkorir akauliza, kwa ile sauti ya fundi anayemzungumzisha mteja asichoke kusimama.

"Hapana, mama," Edinah akasema. Machozi yalikuwa yanamteremka na mikono haikuwa huru kuyafuta. "Niko hapa tu. Miaka hii yote nimekuwa hapa tu, Nakuru."

"Basi ungekuja mapema," Chepkorir akasema, akaendelea kupima.