Mkono wa Pamba

Mtaa mzima ulimwita Mkono wa Pamba, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Lilitokana na watoto. Mtoto aliyezoea kupiga mayowe akiona chanuo tu, akiketishwa mbele ya msusi huyu alisinzia, na alipozinduka alikuta kazi imekwisha. Wasusi wenzake walimwonea kijicho, wakasema huenda anawapulizia dawa. Dawa ilikuwa vidole vyake. Akigusa kichwa alijua kinapouma na pasipotaka kukazwa, kabla mwenye kichwa hajafungua kinywa.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, vioo viwili, viti viwili, na feni iliyozunguka kwa manung'uniko. Kiti cha pili kilikuwa cha mdogo wake. Walikuwa wamesuka bega kwa bega tangu usichana wao, mmoja akianzisha mzaha, mwenzake akiumalizia, hata wateja wengine walikuja nywele zao zikiwa bado nzuri, ili wacheke tu. Kisha mdogo mtu akaugua, akaugua sana, akafa.

Msusi alilia. Alilia akioga, alilia akifagia nywele sakafuni. Mwaka ukaisha akilia, na uliofuata ukamkuta palepale. Halafu asubuhi moja aliamka na kilio hakikuwepo. Alikaa kitandani akikingoja, kama mtu anayemngoja mgeni wa kila siku. Hakikuja. Majirani walimpongeza: "Umejikaza, dada. Sasa umerudi." Naye akaitikia, maana hakujua aseme nini. Kilio kilikuwa kimeondoka na wenzake wote: kicheko, hasira, hamu ya kula. Aliitazama picha ya mdogo wake iliyobandikwa juu ya kioo, na ikamwia sawa na picha ya yule mwanamke anayetabasamu kwenye kopo la mafuta ya nywele. Kitu kimoja tu hakikumwacha, nacho ni kujiona mkosaji. Ni dada gani huyu, alijiuliza, asiyeumwa hata na kifo cha nduguye?

Mkosaji alijiona zaidi siku binti yake wa pekee alipokuja mbio kumwambia kwamba amepata kazi kiwandani, katika mji wa mbali. Msusi alikuwa anaosha vyombo. Alisema, "Vizuri," akachukua sahani nyingine. Binti alisimama mlangoni kitambo, akingoja neno la pili. Neno la pili halikutoka.

Sasa ilikuwa imebaki siku moja aondoke, na binti alikuwa ameketi kitini mchana huo ili mama yake amsuke rasta za safari. Zamani alisukwa na mama yake mdogo. Safari hii aliomba mwenyewe: "Nisuke wewe, mama." Msusi alikuwa amejiandalia maneno tangu asubuhi. Alitaka kusema, "Nitakukumbuka, mwanangu." Kila alipoyafikisha kwenye ulimi aliyameza, maana hakuyahisi, na aliona aibu kumdanganya mtoto wake mwenyewe. Basi alisuka kimya. Aligawa nywele, akashika, akavuta, akakaza.

Katikati ya kazi aliingia Redio, mteja wao wa siku nyingi, aliyeitwa hivyo kwa sababu hazimwi.

"Mwanangu, ndiyo unatukimbia?" alisema akiwa bado mlangoni. "Huko uendako usituletee mkwe mwenye kipara. Mama yako atamsuka nini, masikio?"

Binti alicheka kwa pua tu.

"Na wewe, kitambaa hicho hukivui?" msusi alimuuliza. "Zamu yako imepita kitambo."

"Aa, nimeamua kukipumzisha kichwa, dada yangu. Kimefanya kazi nyingi." Redio alikishika kitambaa chake kama anayezuia kisipeperushwe na feni. Kisha akaitazama mikono ya binti, iliyong'ang'ania kiti, akainama na kumwambia kwa sauti ya chini, "Vumilia, mama." Akaaga, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaondoka bila kumaliza habari.

Msusi aliendelea hadi msuko wa mwisho. Akakigeuza kiti amwone binti kwa mbele.

Macho ya binti yalikuwa mekundu, yamejaa machozi. Nyusi zilikuwa zimevutwa juu kama za mtu aliyeshtuka, na pembezoni mwa paji la uso, palipoanzia nywele, ngozi ilikuwa imetutumka vipele vidogo vyeupe. Hata mwanagenzi wa juzi angejua maana yake.

"Nimekukaza," alisema msusi.

"Kidogo tu."

"Kidogo gani, na unalia? Mbona hukusema?"

Binti alijifuta kwa kiganja. "Nilidhani umenikasirikia kwa sababu naondoka. Nikasema moyoni, acha avute. Akinivuta namna hii ndiyo kusema hataki niende."

Msusi aliona jibu jepesi limewekwa mbele yake, tayari kuokotwa. Angesema tu, "Ndiyo, nilikasirika," na mtoto angesafiri ameridhika. Alifungua kinywa aliseme.

"Sikukasirika," alisema. "Natamani ningekasirika. Sikujua kama nakuumiza. Vidole vyangu havihisi kitu, na huku ndani ni hivyohivyo. Tangu nilipoacha kumlilia mama yako mdogo."

"Na mimi je?"

"Najua wewe ni mwanangu. Najua kesho nikirudi nyumbani sitakukuta. Nayajua yote, ila hayafiki. Nisamehe."

Binti aliishika mikono ya kiti. Msusi alidhani atainuka aende zake, na aliona kwamba angekuwa na haki.

"Kumbe ndiyo maana ya kile kitambaa cha Redio," binti alisema. "Mama, wote wanajua. Nilisikia kila anayetoka hapa anakwenda kumeza dawa ya kichwa, nikadhani ni uzushi. Wanaogopa kukwambia, wanasema una msiba."

Msusi alikaa kwenye kiti cha mdogo wake, ambacho tangu msiba hakuna aliyekikalia. Alivikumbuka vichwa vyote vilivyopita mikononi mwake, akamkumbuka mtoto wa jirani aliyelia wiki iliyopita, naye akamkemea atulie. Wakubwa wote walinyamaza kwa kumhurumia, na yeye aliendelea kukaza.

Kisha akainuka, akachukua kitana chenye mkia mrefu, akaanza kufumua.

"Mama, giza litatukuta!"

"Tulia. Narudia."

"Ukikaza nitasema."

"Sema. Piga kelele ukitaka. Usininyamazie tena."

Akaanza upya kutoka kisogoni. "Hapo?"

"Legeza."

"Na hapo?"

"Legeza kidogo. Ee, hapo sawa."

Wakaendelea hivyo, yeye akiuliza, binti akijibu, naye akikifuata kile asichokihisi kwa kuisikiliza sauti ya mtoto. Alijichunguza kama kuna furaha, hakuiona. Hatia ilikuwepo, na sasa ilikuwa ya vichwa vingi.

"Hapo?" aliuliza tena.

Kimya.

"Mwanangu, hapo?"

Alichungulia. Binti alikuwa amelala, kinywa wazi, kichwa kimeegemea tumbo la mama yake. Siku za Mkono wa Pamba angetabasamu na kumaliza kazi taratibu. Sasa hakuthubutu. Alisimama na msuko mmoja mkononi, haukazi wala hauachi, akamngoja aamke amwambie.