Niliposafisha Shamba la Ndugu Yangu

Siku niliyomwambia Mwakio, "Haya, lete hiyo dawa," naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na laiti ulimi wangu ungekwama kabla ya kulitoa neno hilo. Tulikuwa tumesimama shambani kwetu huku Mraru, karibu na Voi, mahindi ya vuli yamefika magotini, nami nilikuwa kijana mwenye cheti cha sekondari na mgongo usiopenda kuinama.

Shamba lenyewe halikuwa langu lote. Nusu ya juu ilikuwa yangu. Nusu ya chini ilikuwa ya kaka yangu Mghanga, aliyekuwa bawabu huko Mombasa. Alipoondoka alinishika mkono akasema, "Mdogo wangu, mvua ataleta Mungu. Wewe nilindie udongo tu." Niliyaona maneno mepesi.

Mama yetu ndiye aliyelima kwa akili. Baada ya mavuno hakuchoma mabua. Aliyalaza kwa mistari kukata mteremko. Samadi ya mbuzi aliirundika, akaifunika, akangoja ioze, ndipo akatia konzi moja kila shimo. Katikati ya mahindi alipanda kunde na maboga, yakatambaa yakafunika ardhi, magugu yakakosa jua. Yale machache yaliyojitokeza aliyang'oa kabla hayajatoa ua. Nikilalamika kwamba mabua yanaleta mchwa, alicheka. "Waache wale. Mchwa aliyeshiba mabua hagusi mahindi."

Lakini kwa macho ya kijana, shamba kama hilo ni chafu. Mwakio, rafiki yangu aliyezunguka na bomba mgongoni akiwapulizia watu mashamba dawa ya magugu, hakuniacha nipumue. "Bwana msomi, shamba lako limevaa mitumba! Kaka yako akija Krismasi atadhani ameingia boma la watu wengine."

Niliona aibu. Mama naye hakuwepo. Alikuwa Taveta kwa dada yangu aliyejifungua. Basi nikayakusanya mabua yote nikayachoma pembeni, na Mwakio akapuliza juu mpaka chini. Dawa yake iliyaacha mahindi, ikaua kila chenye jani pana. Haikupita wiki, kunde zilijikunja, maboga yakalala, magugu nayo yakakauka. Shamba likang'aa kama uwanja wa shule. Watu wa njia ya Taveta walisimamisha baiskeli kunisifu, nami nikavimba kichwa. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Mama aliporudi hakupiga kelele. Aliinama, akachota udongo, ukamtoka vidoleni kama unga. Kisha akatazama mawingu yaliyoanza kukaa juu ya milima.

"Umelivua nguo," akasema. "Na mvua ndiyo ile."

Mwanangu, umewahi kumwona mkulima wa Voi akiogopa mvua? Mimi nilikuwa huyo. Jumapili kanisa zima liliomba mvua, mdomo wangu ukasema amina, moyo wangu ukasema bado, Baba, bado kidogo. Kila siku nilikata nyasi na matawi, mimi na mama tukiyaburuta mpaka mikono ikachubuka, lakini tungefunika nini? Kipande cha ukubwa wa sebule katika shamba zima. Upepo ukibadilika nilitoka nje kutazama. Ngurumo ikilia mbali, chakula kilinishinda.

Ikaja alasiri moja. Huku kwetu, unajua, mvua haipigi hodi, humwagwa. Nilisimama mlangoni nikayaona maji yakikusanyika kwenye nusu yangu, hayana bua wala jani la kuyazuia, yakashuka kwa kasi kwenye nusu ya kaka yangu. Yalibeba samadi, majivu, mahindi na mizizi yake. Nilikimbia na jembe kuyageuza. Jembe moja litageuza mto? Yalipokwisha, pale chini palikuwa na korongo ambalo mbuzi angesimama ndani usimwone pembe.

Kaka alifika mkesha wa Krismasi na mfuko wa zawadi begani. Hakuutua.

"Nilikuachia shamba, wewe umenipa korongo?"

"Ni mvua, kaka. Mwakio naye alisema..."

"Mwakio nilimwachia nini mimi?"

Majuto ni mjukuu, na wangu amezeeka pamoja nami.

Ndiyo maana nikiziona bodaboda zikitoka Voi zimefunga madumu ya dawa, roho hainitulii. Sikwambii kila dawa ni sumu. Mimi si mtaalamu. Nakwambia usiuache udongo uchi. Laza mabua yako, usiyachome. Ngoja samadi ioze, maana mbichi huja na mbegu za magugu. Panda kunde mapema, zikufanyie palizi wewe ukiwa umelala. Jembe lipite magugu yakiwa madogo kama kidole, kwani ukiyaacha yatoe mbegu utapalilia miaka. Na anayelicheka shamba lako mwache acheke. Hatakuja kulala njaa nawe. Zaidi ya hayo, ulichokabidhiwa na mwenzako usikibadilishe kabla ya kumuuliza.

Mungu akubariki mikono na mgongo. Akupe mvua utakayoipokea bila hofu, na watoto wako wakute udongo mwingi kuliko ulioukuta wewe.

Mimi uamuzi ule ulininyima zaidi ya mahindi. Nusu ya chini haikuota tena kitu cha kujaza debe. Kaka yangu alipostaafu hakurudi nyumbani. Alijenga kule Miasenyi, kando ya barabara ya Mombasa, akaishi huko, akafia huko, akazikwa huko, na katika miaka yote hiyo hakukanyaga tena mlangoni kwangu.