Vidonge Viwili vya Wifi

Wenzake kazini walimwita Mama Vizimba, maana kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiosha vizimba vya panya weupe kwenye maabara ya chuo. Hakukasirika. Kazi ni kazi, mradi mkono uende kinywani.

Mumewe alipofariki ghafla, alilia hadi sauti ikamkauka. Asubuhi ya mazishi wifi yake, dada wa marehemu, akamletea vidonge viwili vya kutuliza wasiwasi.

"Meza, wifi. Usije ukatuaibisha mbele za watu."

Akameza. Kaburi, udongo, mikono ya waliompa pole, vyote hakuvikumbuka tena. Matanga hayajaisha, wifi akaanza kupita huku na huku: "Kamzika kaka yangu macho makavu, utadhani anazika paka!" Ukoo mzima ukampa kisogo.

Mwaka uliofuata, maabara ikaanza kujaribu dawa ya aina ile ile. Panya akiingia kwenye chumba cheusi, sakafu inampiga shoti. Kesho yake, wasiopewa dawa waligoma mlangoni wakitetemeka. Waliodungwa dawa kabla ya shoti waliingia tena kifua mbele, wakapigwa tena.

"Wamesahau?" akamuuliza mtafiti.

"Hawakushika kitu, mama. Dawa inaondoa hofu, na kumbukumbu inaondoka nayo."

"Dawa ikiisha nguvu, si inarudi?"

"Itarudije wakati haikuingia?" Akamsogezea kizimba. "Hawa tumemaliza nao. Watie kwenye sanduku la gesi wakafe."

Akawatia. Akavua glavu, akafunga safari, mguu mosi mguu pili, hadi kwa wifi, akamweleza yote kwa pumzi moja: haukuwa moyo mgumu, ni vile vidonge.

Wifi alikuwa anakunja nguo. Hakuinua uso.

"Kumbe hukumbuki kitu?"

"Hata chembe, wifi. Haki ya Mungu."

"Basi nikwambie, maana nilikusitiri. Jeneza linashuka, wewe unacheka. Mimi ndiye niliyekuziba mdomo kwa kanga."

"Mwongo wewe!"

"Haya, sema basi ulifanya nini."

Akajipekua kichwani, akiwa amesimama pale mlangoni. Hakukuta kicheko. Wala hakukuta chozi.

Tangu hapo hajakanyaga kaburini. Wanawe wakimuuliza kama kweli alicheka, huwajibu, "Muulizeni shangazi yenu. Yeye alikuwepo."