Chuo cha Bei Nafuu na Mpunga wa Jumuiya

Iko siku moja, mwanangu Neema, ambayo hata nikizeeka mpaka nisahau jina langu, hiyo sitaisahau. Ilikuwa miaka ya tisini, Katavi haijawa mkoa, sisi wa Mpanda tulihesabika Rukwa. Nilikuwa karani kwenye mashine ya kukoboa mpunga, hapo hapo Shanwe unapokaa wewe sasa. Treni ya Tabora iliingia mchana na magazeti ya wiki iliyopita. Tajiri wangu, Baba Oliva, alipomaliza kusoma habari za mpira akanitupia gazeti lake, na ndani nikakuta tangazo: soma stashahada ya biashara kwa njia ya posta, popote ulipo, kwa ada nafuu.

Weee! Nilihisi kama mtu kaniita jina. Mimi Adela, mtoto wa wakulima wa kijiji cha Mamba, niliyeishia kidato cha nne, eti nikasome biashara bila kuacha kazi na bila kuhama, vitabu vinifuate kwenye treni! Siku ile nilikosea kupima magunia mara mbili, na wateja wakanicheka.

Nakusimulia haya kwa sababu ya ujumbe wako wa jana. Umeniandikia kwamba umepata chuo cha nje kinachofundisha shahada ya uzamili ya biashara kwenye mtandao, ada yake ndogo ukilinganisha na vyuo vingine, na unataka kujua kama inafaa ujiunge. Nimefurahi mpaka maharage yameungua jikoni. Lakini umeniuliza swali la mtu mzima, na mimi nakujibu kwa kukupa aibu yangu mwenyewe, maana njia hiyo nilishaipita. Tofauti ni kwamba wewe una simu, mimi nilikuwa na stempu.

Basi, nikakiandikia barua kile chuo. Baada ya wiki kadhaa kikaja kipeperushi cha karatasi ya kung'aa, chenye picha za wahitimu waliovaa majoho, na chini ya kila picha jina na mji. Nililala nacho chini ya mto, usinicheke. Nilipopata likizo baada ya mavuno nikaenda nacho nyumbani Mamba, nikamwonyesha mama. Mama akawaambia wenzake wa jumuiya, zile familia za jirani tulizokuwa tukisali nazo kila wiki. Jumapili iliyofuata katekista akasimama kanisani, akatangaza tumwombee binti yetu Adela anayekwenda kuchukua diploma. Mwanangu, hata fomu nilikuwa sijajaza!

Na wala halikuishia kwenye sala. Mama Yustina, mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kusikika shamba la tatu, akasema kila nyumba ilete debe la mpunga kwa ajili ya ada yangu. Walileta. Kuna mama mmoja ambaye mwaka ule maji yalimzolea nusu ya majaruba yake ya mpunga, naye akaleta debe limejaa hadi juu. Nilipotaka kumpunguzia alinikazia macho, nikalipokea lote. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni chuo gani. Na mimi, msomi wao, nilikuwa sijauliza pia.

Nikarudi Mpanda juu ya lori, nimekalia yale magunia, naimba njia nzima. Pale Sitalike viboko walikuwa wamejaa mtoni, abiria wote wanashangaa, mimi hata sikuwatazama. Mpango wangu ulikuwa niuze mpunga wote kwa wanunuzi wa malori, nikate hawala ya posta, nilipe ada nzima kwa mkupuo. Kipeperushi kilisema anayelipa yote anapunguziwa, nami nikajiona mjanja kweli kweli.

Siku mbili kabla ya kuuza, akaja pale mashineni Mzee Masanja. Huyu alikuwa mfugaji wa Kisukuma, alihamia Litapunga na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, na kila akija kukoboa alikuwa na maneno ya kutuchekesha. Hakujua kusoma. Akanikuta namshikia kila mteja kipeperushi usoni, nami nikamshikia na yeye, nikamwelezea majoho, bei, punguzo, kila kitu. Akakigeuza geuza, akanirudishia.

"Mayu," akasema, maana Wasukuma humwita mwanamke hivyo kwa heshima, hata akiwa binti, "huyu anakamuliwa na nani?"

Nilicheka nikijua ananitania. Nikamwambia mzee, hiki ni chuo, siyo ng'ombe. Akavuta gunia akakaa, akanieleza taratibu wanavyonunua mtamba kwao. Alisema bei huulizwa mwishoni. Kwanza unakwenda kwenye boma alikozaliwa, unamtafuta anayemkamua mama yake kila asubuhi, unamuuliza anatoa kiasi gani, kiangazi anakuwaje, anapiga teke au hapigi. Mwenye kuuza atamsifia tu, alisema, hata mgonjwa atamsifia. Anayeshika kibuyu cha maziwa hana sababu ya kukudanganya.

"Sasa nitajie mtu mmoja aliyekunywa maziwa ya hicho chuo," akasema. "Mmoja tu, wa kumuuliza mwenyewe."

Sikuwa naye. Nikapandwa na hasira, nikamwambia mambo ya vitabu awaachie waliosoma. Nilimjibu hivyo mtu wa umri wa baba yangu, mbele ya watu. Mpaka leo nikikumbuka najisikia vibaya.

Mzee Masanja hakunikaripia. Akainuka, akapangusa pumba kwenye koti lake, akaangalia yale magunia ya Mamba yaliyokuwa ukutani. "Ungekuwa unanunua kwa mali yako ningenyamaza," akasema. "Huo mpunga ni wa watu, mayu." Akabeba mchele wake akaenda.

Nilikaa pale nikatazama magunia hayo mpaka mwenye zamu ya mashine akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa siumwi, nilikuwa naogopa. Niliona sura ya yule mama wa debe lililojaa, nikajiuliza nitamwambia nini kama hicho cheti kitakuja kuwa karatasi tu. Nikarudi kwenye kipeperushi, nikatafuta mhitimu wa karibu, nikampata mmoja chini ya picha yake pameandikwa Tabora. Nikamwomba Baba Oliva ruhusa, nikapanda treni.

Tabora niliuliza uliza mpaka nikamkuta kwenye duka la vifaa vya ujenzi, anapima misumari. Nilipomwonyesha picha yake alicheka sana, akaniita dada, akanipa kiti. Hakunificha kitu. Alisema cheti kile alikipeleka ofisi tatu kuomba kazi, na zote zilimwambia hicho chuo hazikijui wala hazikitambui. Halafu akaenda nyuma ya duka, akarudi na vijitabu viwili vilivyochakaa, kurasa zimejaa alama za kalamu.

"Cheti hakikunipa kazi," akasema. "Hiki kijitabu cha gharama ndicho kilichonipa duka."

Alinieleza kwamba vijitabu vingine havikumsaidia, vilikuwa maneno mengi. Ila hivyo viwili alivisoma mpaka akavimaliza, na kila somo alilijaribu kwenye meza yake ya misumari sokoni, kabla hajawa na duka. Akaniambia chuo kinauza hata somo moja moja kwa anayeomba, jambo ambalo kipeperushi kilikuwa kimeliandika kwa herufi ndogo sana pembeni, na mimi kwa furaha yangu nilikuwa nimeliruka. Kisha akaniuliza nataka nini hasa, kazi au akili ya biashara. Nikamwambia nataka Baba Oliva anifanye msimamizi wa mashine ya pili atakayoifunga kule Usevya. Akaniuliza kama Baba Oliva anataka diploma. Mwanangu, nilikuwa sijawahi kumuuliza!

Niliporudi nikamuuliza. Baba Oliva akacheka, akasema yeye mwenyewe ni darasa la saba, diploma ya mtu atamwonyesha nani. Anachotaka ni mtu wa kumwambia kwa nini wateja wa mbali huja msimu mmoja halafu wanapotea. Nikatoka pale nikiwa mwepesi, yaani kama nimetua mzigo. Nikaagiza somo moja tu, lile la gharama, kwa mshahara wangu.

Lakini mpunga bado ulikuwa ukutani. Nikaomba siku mbili nyingine, nikarudi Mamba. Nilisimama kwenye jumuiya, nikawaeleza yote: kwamba nilikimbilia bei, kwamba sikuuliza, kwamba cheti kile maofisini hakitambuliki, na kwamba mpunga wao upo salama, nitaurudisha debe kwa debe. Mama alikuwa ameinamisha uso kwenye kanga yake.

Mama Yustina akasimama. "Adela, sisi tulikupa mpunga ukasome," akasema. "Hatukukuambia ukasome haraka."

Nililia, nisikudanganye. Wakakubaliana mpunga ubaki stoo ya mashine mpaka nipate chuo cha kueleweka, na wakaendelea na rozari.

Oh, ile siku kijitabu kilipofika! Sikusubiri kufika nyumbani, nilikifungua pale pale stesheni, nikasimama jua kali nasoma, watu wanapita na mizigo wananigonga. Kwenye ukurasa wa gharama za kuhifadhi nikaona kitu ambacho sisi wa Mamba tulikuwa tukikikosea miaka yote. Tulikuwa tunauza mpunga mbichi wiki ya mavuno, wakati kila mtu anauza, halafu masika tunanunua mchele huo huo kwa bei ya kutuumiza. Nikakimbia kwa Baba Oliva. Tukakubaliana wakulima wa mbali wahifadhi mpunga kwetu, waukoboe pale pale na kuuza mchele soko likiwa na njaa nao. Mpunga wa jumuiya ndio ulikuwa wa kwanza kungoja. Ulipokobolewa na kuuzwa masika, ulitosha ada yangu ya mwaka wa kwanza kwenye chuo ambacho nilikwisha kukiulizia kwa waajiri, na kwa faida iliyobaki kila nyumba ikarudishiwa debe lake. Wateja wa mbali wakaacha kupotea. Usevya nikaenda mimi kuwa msimamizi, na Mzee Masanja nilimfuata hadi Litapunga kumwomba radhi. Alinipa maziwa, akaniuliza nimejifunza nini, nikamweleza mpaka ng'ombe wakarudi kutoka malishoni.

Sasa wewe. Nikikuambia usisome nitakuwa mnafiki, maana mimi kusoma kulinibadilishia maisha, na hata leo nikiona kitabu kipya mikono inawasha. Wala unafuu wa ada siyo kosa, mwanangu. Vipo vya bei ndogo vizuri na vya bei kubwa vya ovyo. Ila usilipe kesho. Watafute watu wawili watatu waliohitimu hapo, siyo wale waliowekwa na chuo kwenye tovuti, watafute wewe, uwapigie, uwaulize wamepata nini na walimu wanajibu au wamelala. Uliza mamlaka ya vyuo hapa nchini kama shahada hiyo inatambulika. Mwulize bosi wako uso kwa uso kama anaihitaji, maana unaweza kuhangaika miaka miwili kumletea kitu ambacho hakukuomba. Kama wanakubali usome somo moja kwanza, anza na hilo, na ulilojifunza Jumatatu ulijaribu kazini Jumanne. Na wewe mwenyewe ujiambie ukweli, unataka elimu au unataka picha yenye joho. Vyote viwili ni halali, lakini vina bei tofauti.

Majibu yakiwa mazuri, jiunge, na usiangalie nyuma. Yakiwa mabaya, hujapoteza kitu, endelea kutafuta. Mungu akufungulie macho kwenye herufi ndogo, akupe walimu wenye subira, umeme usiokatika siku ya mtihani, na watu wa kukuuliza maswali usiyoyapenda. Na siku utakayohitimu, hata kama sherehe yenyewe ni mbele ya kompyuta hapo sebuleni kwako, mimi nitakuja, nitasimama nyuma yako, na nitapiga vigelegele mpaka mtaa mzima wa Shanwe utoke nje kuuliza kuna nini.